Milango ya Chuo Kikuu: Si Kidato cha Sita Peke Yake

*Somo la redio kwa vikundi vya watu wazima. Kiongozi wa kikundi asome maswali ya mwisho kabla ya somo, ili ajue mambo ya kuangalia.*

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na ya kuwa kiongozi ana daftari na kalamu mkononi. Somo la leo lina hesabu kidogo, na hesabu ikipita masikioni tu haikai.

Tumepokea barua kutoka kikundi kimoja cha Ruanda, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Kwa wasikilizaji wa mikoa mingine naeleza ya kuwa Ruanda hiyo si nchi jirani ya Rwanda. Ni kata yetu iliyo katika njia itokayo Kitai kwenda Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, huko yachimbwako makaa ya mawe. Katika kikundi hicho wako wakulima, yuko mwuguzi wa zahanati, yuko fundi wa magari ya mizigo, na yuko mama mmoja aliyeacha shule akiwa kidato cha tatu. Wanauliza hivi: "Je, mtu asiyepita kidato cha sita aweza kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Au mambo hayo yamekwisha kutupita, tuwaachie watoto?"

Nawajibu mara moja, ndugu zangu: aweza. Iko milango mingine, nayo ni ya halali kabisa. Lakini kila mlango una masharti yake. Watu wengi hawashindwi kwa kukosa akili. Hushindwa kwa sababu walishika njia bila kuuliza masharti, wakapoteza miaka mitatu na fedha za kahawa za misimu mitatu. Kwa hiyo leo tutaitazama milango hiyo mmoja mmoja, kisha tutaingia ndani tuone maisha ya huko yalivyo.

Chuo kilivyoanza

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa awamu ya tatu, alipata kusoma katika seminari ya Kigonsera, papo hapo wilayani Mbinga. Lakini alipotaka shahada ilimbidi kwenda Makerere, nchini Uganda.

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo chetu kilifunguliwa. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1963 Chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, ndiyo sababu hata leo watu husema "Mlimani". Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojitegemea.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana wengi hawalijui. Kulikuwa na wakati ambapo mtu mzima mwenye kazi ndiye aliyetangulizwa, na kijana wa kidato cha sita ndiye aliyeambiwa angoje. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Ikaamua ya kuwa kijana asitoke shuleni moja kwa moja kwenda Chuo Kikuu. Kwanza alitumikie taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na mwajiri na chama wamshuhudie ya kuwa anafaa. Mpango huo ulikuwa na matatizo yake. Idadi ya wasichana ilipungua, hata ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Na katikati ya miaka ya 1980 sharti lenyewe liliondolewa. Hata hivyo limetuachia fundisho. Mtu mzima aliyetoka kazini hakuwa mgeni pale Mlimani. Alikaa katika madarasa yale, akafaulu, akarudi kutumikia watu.

Mlango wa kwanza: kidato cha sita

Mlango huu tuupite upesi, maana ndio ujulikanao. Katika kidato cha sita daraja A hupewa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2, na E pointi 1. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iitwayo kwa kifupi TCU, hutaka angalau ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. Kwa hiyo mwenye D mbili amefika. Mwenye C na E amefika pia. Mwenye D na E hakufika, amepata 3. Waliofanya mtihani mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa viwango vingine, nao hutazamwa kwa hesabu yao.

Lakini angalieni: pointi 4 ni kizingiti cha nchi nzima. Kila programu ya masomo huweza kuongeza masharti yake. Mtu aweza kuwa na pointi 4 na bado asichukuliwe katika uhandisi, kwa sababu hakusoma hisabati. Kizingiti cha nchi ni kitu kimoja, na sharti la programu ni kitu kingine. Andikeni hayo katika daftari.

Mlango wa pili: stashahada

Huu ndio mlango mpana kwa watu wa vijijini. Stashahada ndiyo watu waiitayo diploma. Mtu aliyemaliza kidato cha nne akafaulu masomo manne, hata kwa daraja D, yasiyo ya dini, aweza kuingia chuo cha kati. Huanza na cheti, ambacho ni ngazi ya 4 na ya 5 ya ufundi, kisha stashahada, ambayo ni ngazi ya 6. Akimaliza stashahada kwa wastani wa B, au kwa kile kiitwacho GPA isiyopungua 3.0, aweza kuomba Chuo Kikuu. Hapo hapitii kidato cha sita hata siku moja.

Tuchukue mfano wa yule mwuguzi wa zahanati. Kama ana cheti tu, hatua yake ya kwanza ni kupata stashahada ya uuguzi, na vyuo vya afya havipo mbali. Kipo chuo cha uuguzi Peramiho. Lakini tangu siku ya kwanza chuoni lazima aziangalie alama zake. Watu wengi husoma stashahada kwa nia ya kupata kazi tu, huridhika na GPA ya 2.4, kisha baada ya miaka mitano hutamani shahada. Wakati huo alama zimekwisha kuandikwa, hazifutiki.

Na fundi wa magari je? Tuseme alifaulu masomo mawili tu kidato cha nne, akaenda chuo cha ufundi stadi, kama kile cha VETA Songea. Huyu naye asikate tamaa. Mwongozo wa TCU hukubali Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi ya daraja la tatu mahali pa yale masomo manne, mradi baadaye apate stashahada yenye alama zitakiwazo. Ni njia ndefu, lakini kila kituo chake kina faida yake, kwa sababu anaendelea kuwa fundi na kulipwa huku anapanda.

Hapa pana hatari moja kubwa. Stashahada lazima ilingane na shahada uitakayo. Mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu hataingia uhandisi wa mitambo. Basi fanyeni kama mtu apandaye basi: kwanza ulizeni basi liendako, ndipo mlipe nauli. Tazama kwanza shahada uitakayo, soma masharti yake, ndipo uchague stashahada. Tena hakikisheni chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Chuo kisicho katika orodha ya Baraza, hata kikiwa na jengo zuri na tangazo zuri, cheti chake hakitakufikisha popote.

Mlango wa tatu: mwaka wa msingi wa Chuo Kikuu Huria

Katika nchi ya Uingereza walianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1969, ili watu wa kazi wasome wakiwa makwao. Sisi tulipata chetu kwa Sheria namba 17 ya mwaka 1992, na kilizinduliwa Januari 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Geoffrey Mmari, kabla ya hapo alikuwa ameongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo hivi viwili ni ndugu. Chuo Huria kina kituo katika mkoa wa Ruvuma, mjini Songea.

Chuo Huria kina mafunzo ya msingi ya mwaka mmoja. Hayo ni kwa mtu aliyekaribia kizingiti lakini hakukifikia. Kwa mfano, aliyemaliza kidato cha sita akapata angalau pointi moja na nusu katika masomo mawili. Au mwenye stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0, au mwenye cheti cha ngazi ya 5. Mwisho wa mwaka atatakiwa kupata GPA ya 3.0 katika masomo sita ya lazima, na angalau C katika masomo matatu ya mkondo wake, yaani sanaa, sayansi au biashara. Akifaulu aweza kuomba shahada.

Mmeona sasa: yule tuliyemtaja mwenye D na E, aliyekosa kwa pointi moja, bado ana njia. Na yule mwenye stashahada ya GPA 2.4 pia ana njia. Lakini mwenye kidato cha nne peke yake asiende huko; mlango huo haukumkusudia yeye. Asipoteze nauli.

Mlango wa nne: uzoefu wa kazi

Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mpango wa watu wazima. Aliyetimiza miaka 25, aliyemaliza shule muda uliopita, alifanya mitihani maalumu, na akifaulu aliingia. Makerere nao wana mpango wa namna hiyo kwa wenye miaka 25 na zaidi. Kwetu leo wazo hilo limekuwa ni utambuzi wa ujuzi uliokwisha kupatikana, nao husimamiwa na TCU. Mwombaji hutakiwa kuonyesha jalada la ushahidi wa kazi zake na mafunzo aliyopata, na kufanya mtihani.

Wengine husikia "uzoefu" wakadhani ya kuwa kulima miaka 20 kunatosha. Hapana. Uzoefu lazima uweze kuelezwa na kuthibitishwa. Yaani uwe na barua za kazi, taarifa ulizoandika, hati za semina ulizohudhuria, na uweze kueleza kwa nini jambo lafanywa hivi na si vile. Lakini pia msijidharau. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walifika Umatengo kujifunza kilimo cha ngoro. Walitaka kujua jinsi yale mashimo ya mlimani yanavyoshika maji na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Walimu wao walikuwa wakulima, akina mama na akina baba wa Mbinga. Basi ujuzi mnao. Jambo lililobaki ni kuuandika na kuupima.

Aliyeacha shule njiani

Sasa tumjibu mama yetu wa kidato cha tatu. Mama, wewe bado hujafika katika milango hii minne, lakini njia ya kuifikia iko wazi. Aliyeishia darasa la saba aweza kufanya mtihani wa maarifa, ambao watu huuita QT. Akifaulu aweza kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyefaulu kidato cha pili hana haja ya kurudi nyuma hivyo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa ya kusaidia watu hao. Na tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, hata wasichana waliopata mimba, kurudi masomoni. Hakuna aibu katika jambo hilo. Aibu ni kuuficha moyo wako hata ukazeeka.

Vyeti kwanza, fedha pili

Kabla ya kuomba, toeni vyeti vyenu sandukuni mvitazame. Je, jina lako katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha stashahada ni lile lile? Huku kwetu mtu huandikishwa kwa jina la baba, baadaye akatumia la babu au la ukoo. Tofauti ndogo ya herufi huweza kumkwamisha mtu dirishani. Yafaa kutengeneza hati ya kisheria ya majina mapema, si wiki ya mwisho.

Tena, kandokando ya ziwa wako watu waliosoma Malawi au Msumbiji. Vyeti hivyo si vibaya, lakini vya sekondari lazima vipelekwe kwa Baraza la Mitihani la Tanzania, livilinganishe na vya kwetu na kutoa barua. Usiombe chuo bila barua hiyo.

Maombi siku hizi hufanywa kwa njia ya intaneti, moja kwa moja kwa chuo unachokitaka. Kama huna chombo, nenda Mbinga mjini kwa mtu umwaminiye, lakini namba yako ya siri usimwachie. Ukichaguliwa na vyuo viwili, lazima uthibitishe kimoja kabla ya siku iliyowekwa. Wako waliochaguliwa wakanyamaza, nafasi ikapewa mwingine.

Sasa fedha. Kwa miaka ya karibuni ada ya shahada nyingi pale Mlimani imekuwa kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Hiyo ni ada tu. Bado chakula, chumba, vitabu na nauli ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, husaidia wengi, nao walioingia kwa stashahada huweza kuomba. Na kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 imetoa mikopo hata kwa wanaosoma stashahada katika fani fulani.

Lakini sikilizeni vizuri, hapa ndipo watu wazima wengi hujikwaa. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, mwombaji wa mkopo asizidi umri wa miaka 35, asiwe na ajira impatiayo kipato, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Maana yake ni nini? Maana yake ni ya kuwa mlango wa Chuo waweza kuwa wazi na mfuko wa mkopo ukawa umefungwa. Mwenye miaka 40 aweza kusoma, lakini ajilipie, au asaidiwe na mwajiri. Kwa hiyo kijana wa miaka 28 mwenye stashahada asiseme, "Nitakwenda baadaye." Kwake yeye baadaye ina gharama. Na mtumishi wa serikali apate kwanza ruhusa ya masomo kwa maandishi. Asiondoke kituoni kwa ahadi ya mdomo.

Maisha ya Mlimani

Haya, tuseme umechaguliwa. Basi limetoka Mbinga, limepita Songea, Njombe, Iringa na Morogoro, likakushusha Dar es Salaam. Jambo la kwanza utakaloliona ni joto. Mtu wa Umatengo aliyezoea kulala na blanketi mbili ataona usiku mrefu. Jambo la pili ni ukubwa wa mahali. Toka bweni hadi ukumbi wa Nkrumah, toka huko hadi kumbi za Yombo, ni kutembea kweli kweli. Na dirisha la chumba usiliache wazi ukatoka, maana tumbili wa Mlimani wameelimika nao. Wajua mkate ulipo.

Vyumba havitoshi watu wote. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, hata hivyo wengi hupanga Changanyikeni, Ubungo na kwingineko. Mwenye familia apige hesabu ya chumba cha kupanga tangu nyumbani.

Mafunzo hugawanywa katika mihula miwili kwa mwaka. Kazi za darasani huchukua alama 40 katika 100, na mtihani wa mwisho wa muhula alama 60. Kwa hiyo asiyefanya kazi za darasani akitegemea mtihani, ameanza mbio akiwa na mguu mmoja. Aliyeshindwa somo hurudia mtihani, nao wanafunzi huuita "sapu". Akishindwa mno huondolewa Chuoni, na neno lao ni "kudisko". Fedha za kujikimu zitokazo Bodi huitwa "bumu". Siku bumu linapotoka utaona nyama choma na viatu vipya. Wiki ya sita utaona watu wanakopana unga. Mtu mzima aliyezoea kugawa fedha za kahawa za msimu mmoja zikae mwaka mzima hana haja ya kufundishwa jambo hilo. Yeye ndiye mwalimu.

Shida kubwa ni lugha. Isipokuwa masomo ya Kiswahili, kufundisha na mitihani ni kwa Kiingereza. Kijana aliyetoka kidato cha sita juzi bado ana Kiingereza cha shule. Wewe uliyekaa miaka 10 zahanati ukisema na wagonjwa kwa Kiswahili na Kimatengo, chako kimepata kutu. Usingoje kufika. Anza mwaka mmoja kabla: soma kurasa mbili kila siku, andika nusu ukurasa, mpe mwalimu wa sekondari ya jirani akusahihishe. Kazi hiyo haina ada.

Shida ya pili ni upweke. Utakaa darasani na vijana walio sawa na mwanao wa kwanza. Watakuamkia "Shikamoo", kisha watakaa mbali. Usikubali kukaa peke yako. Ingia katika kikundi cha kusoma. Wao wajua maktaba, wajua kompyuta, wajua namna maswali yaulizwavyo. Wewe wajua kazi yenyewe: umezalisha akina mama usiku bila umeme, umetengeneza gari njiani bila vipuri. Mwalimu wa darasa atakapoeleza nadharia, wewe utakuwa na mfano. Mkibadilishana, wote mtafaidika. Lakini wakikuletea "desa", yaani maandishi ya mwaka jana ya kunakili, washukuru, kisha nenda maktaba. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilifunguliwa mwaka 2018, nayo ina nafasi kubwa. Mtu mzima hakuacha shamba na watoto ili aje kunakili.

Shida ya tatu iko nyumbani. Mume au mke aliyebaki, nani atalima? Nani atapeleka mtoto kliniki? Mambo hayo yazungumzwe na ukoo kabla ya safari. Kama jibu halipatikani, basi fikirini tena Chuo Kikuu Huria. Shahada ya Huria ni shahada kamili, na mwanafunzi wake hulala nyumbani kwake. Mlimani si jina la kujivunia tu. Ni mahali pa kusomea. Kama mahali pa kusomea panapokufaa ni meza yako mwenyewe pale Ruanda, na taa yako, hujapungukiwa kitu.

Kwa kumalizia

Ndugu wa Ruanda, nawajibu kwa kifupi. Mwuguzi: stashahada yenye alama nzuri, kisha uombe mapema kabla ya miaka 35. Fundi: daraja la tatu la ufundi stadi, stashahada ya fani ile ile, kisha shahada. Mama: mtihani wa kidato cha nne kwanza, na uanze kujiandikisha mwaka huu. Na wewe mkulima uliyekosa kwa pointi moja miaka ile: uliza juu ya mwaka wa msingi pale Songea.

Masharti haya hubadilika. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo mpya, na Bodi ya Mikopo hutoa wake. Msiende kwa habari za kuambiwa, hata zangu hizi. Someni mwongozo wa mwaka mnaoombea. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwenyewe ndiko huku: kutafuta cheti, kusoma masharti, kuuliza tena.



Maneno ya kukumbuka

*Shahada:* cheti cha Chuo Kikuu. Watu huita digrii.
*Stashahada:* cheti kilicho chini ya shahada. Watu huita diploma.
*Muhula:* kipindi cha masomo; mwaka wa Chuo una mihula miwili.
*Kizingiti:* alama za chini kabisa ambazo mtu lazima azifikie.
*Jalada la ushahidi:* karatasi zote zionyeshazo kazi na mafunzo ya mtu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mtu ana C moja na E moja za kidato cha sita. Je, amefika kizingiti cha nchi? Je, hilo lamhakikishia nafasi katika programu yoyote?
2. Kijana wa kijiji chenu ataka kuanza stashahada mwaka huu. Mtamwambia aulize mambo gani matatu kabla ya kulipa ada?
3. Kwa nini mtu wa miaka 34 na mtu wa miaka 36 hawako sawa mbele ya Bodi ya Mikopo?
4. Kila mmoja alete vyeti vyake juma lijalo. Je, majina yanalingana? Kama hayalingani, mtaanzia wapi?
5. Ni nani katika kikundi chenu aliye na ujuzi wa kazi ambao haujaandikwa popote? Msaidieni aanze kuuandika leo.